Hesabu ya Mwangaza

Fundi Chengo alikuja Jumatatu na tepu yake,
akapima kiwanda: futi kumi kwa kumi na moja na ushei.
"Mama, hapa una chumba," akasema,
"chumba kizima kimelala nje bila paa."
Nikamwambia, hicho si chumba, hicho ni jicho.
Akacheka. Akaandika: mabati, saruji, nondo.

Nyumba yetu ya Kuze imebanwa
kama ukurasa wa katikati ya kitabu.
Kushoto ukuta ni wa Taherali muuza vyombo,
kulia ni wa Bi Shufaa,
nyuma ghala lisilo dirisha,
mbele kichochoro cha kupishana kwa bega.
Jua lina mlango mmoja tu, nao uko juu.

Na Badi anarudi kutoka Maskati
na mke, na pacha, na makabati
niliyoyaona pichani tu.

Usiku ule sikulala.
Asubuhi nikatwaa kipande cha chaki,
nikalifuata jua kama mdai.
Saa mbili: juu ukutani kwa Taherali,
jembamba, na haya za mgeni.
Saa nne: kizingitini.
Saa sita: sakafu nzima,
na kutoka sakafuni likaruka, likaingia ndani,
likafika kidaka cha tatu,
mama alimokuwa akiweka sindano zake.

Hapo alishona kofia miaka arubaini,
akiusogeza mkeka shibiri kwa shibiri,
tundu baada ya tundu,
wala hakuwasha taa mchana.
Mpaka anakufa, uzi alitunga mwenyewe.

Saa tisa likapanda kwa Bi Shufaa,
likaondoka bila kuaga.

Chengo akaitazama mistari ya chaki.
Akachutama. Akagusa ile ya saa sita kwa kidole
kama anayeona kama rangi imekauka.
Kisha akatoa karatasi yake, akafuta nusu.
"Basi twende juu," akasema,
"lakini juu ya ukumbi. Kiwanda tukiache."
Ngazi ya mbao isiyo na mgongo, mwanga upite kati ya vidato.
Ukuta wa ndani ukatwe, kuanzia kimo cha mtu kwenda juu.
Darini kioo kinene. Na chokaa, mama,
chokaa, usiniletee krimu ya dukani.

Nikadhani tumemaliza.

Bi Shufaa akaja kunirudishia chekeche langu.
Hakulalamika. Aliuliza tu:
"Mtapandisha futi ngapi?"
Tukapanda wote kwenye sakafu yake ya juu,
akanionyesha anapokaa na mjukuu wake alasiri,
juzuu mapajani, kidole juu ya herufi.
Chumba changu kilikuwa bado hewani
na kivuli chake tayari kimeshaanguka pale.

Nikarudi nikaitoa hati sandukuni.
Inataja futi, inataja mipaka, mihuri miwili.
Jua haikulitaja.

Tukapunguza safu tatu za matofali.
Badi ni mrefu; atainama.
Miaka tisa ya ugenini, kuinama anakujua.
Taherali naye niliyemwomba apake chokaa upande wake
alikataa mara mbili,
ya tatu akapaka, akadai pesa ya brashi.

Kipo tulichopoteza, sitakificha.
Kidaka cha tatu kimeingia giza.
Humo sasa naweka risiti za saruji,
ambazo pia sipendi kuziona.
Sindano nimezihamishia kidato cha nne:
saa nne na robo jua hupita hapo,
nami hutunga uzi. Mara ya kwanza hukosa.

Mistari ya chaki sijaifuta.
Pacha wanadhani ni mchezo,
wanaruka mguu mmoja: saa mbili, saa nne,
na yule mdogo, akifika saa sita,
husimama,
akafumba macho,
akakataa kutoka.