Chumba Namba Nne

Rejeta ilipasuka kilomita sita kabla ya mji,
kama huu ndio mji: mabomba ya hewa
yamechomoza ardhini, milango ubavuni mwa vilima,
na kibao cha bati, USITEMBEE KINYUMENYUME,
maana kila hatua ya nyuma hapa ina shimo lake.

Stelios wa gereji aliinamia injini,
akafukuza nzi, akasema, Alhamisi.
Kipuri kinatoka Adelaide, kwa basi la usiku.
"Huku juu utaiva. Nenda kwa Zdenka, ukalale chini."

Nyuzi arobaini na saba mlangoni.
Ngazi kumi na moja, na jasho likanikauka shingoni.
Zdenka alinipokea kwa ufunguo na sheria mbili:
kuoga dakika tatu, maji huja kwa lori;
na kuta zisiguswe kwa mkono wenye mafuta.

Kuta zenyewe rangi ya pera lililopasuliwa,
na makovu ya sururu yamelala upande mmoja
kama mvua ya upepo.
Hakuna dirisha.
Lakini juu ya kitanda limetundikwa pazia,
la maua ya buluu, limepigwa pasi.

Usiku wa kwanza nilizima taa
nikajua giza nililozoea lilikuwa la kuazima.
Hili lilikuwa na uzito wake, lilinikalia kifuani.
Niliinua mkono mbele ya macho: sina mkono.
Nikaukumbuka mwanandani,
ubavu wa kuume, shuka moja, basi.
Nikatega sikio. Hata panya hakuwa na la kusema.
Moyo tu, ukibisha hodi
kama jirani mwenye shida.

Asubuhi (saa ndiyo iliyosema ni asubuhi)
Zdenka alinitembeza nyumba, kikombe mkononi,
kama mtu anayesoma daftari la madeni.
"Jiko: sabini na mbili. Zvonko aliapa mshipa uko hapa.
Sebule: sabini na tano. Hapakuwa na kitu.
Korido hii, baruti ya mkopo.
Stoo, hapo ndipo alipokosana na kaka yake.
Chako, themanini na moja."
Akaupiga ukuta kofi dogo,
la mapenzi au la lawama, sikujua.
"Mume wangu alitafuta opali miaka ishirini.
Akapata vyumba."

Huko juu, penye kifusi cheupe kama vichuguu,
Bi Dorrie huchekecha mabaki na wajukuu zake.
Bibi yake, aliniambia, kwa lugha yao
aliuita mji huu shimo la wazungu.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Nawe umelipa kulala humo?"
Siku tatu, nikasema.
Akanitilia kiganjani kijiwe, mfano wa ukucha,
kijivu; ukikigeuza, kijani kinapita mbio
na kupotea.
"Hapa palikuwa bahari," akasema,
akarudia chekeche lake.

Usiku wa tatu nililifunua pazia.
Jiwe. Jiwe tupu, na mapigo saba ya sururu,
la saba halikuzama.
Chini yake, kwa penseli, tarehe
na neno moja la kwao nisilolijua.
Nikalirudisha pazia, nikalinyoosha mikunjo,
nikalala fofofo, kama mtoto aliyeshiba ziwa.

Sikumwuliza.
Alhamisi, akitafuta chenji kwenye kopo la kahawa,
alianza mwenyewe, bila kuinua macho:
"Neno lile ni *kesho*.
Msijione wajanja. Wageni wote hufunua."
Akanihesabia dola mbili, akaongeza
kwamba pazia hulifua kila mwezi,
na maji yalivyo ghali.

Nilipofungua mlango, jua likanizaba kofi.
Nikaanza kurudi nyuma hatua moja,
nikakumbuka kibao.