Damu ya Kulinganishia

Kila Jumatatu, kabla mashine haijapata joto,
najichoma mwenyewe.
Kichupa kimoja, kifuniko cha zambarau,
lebo kwa mwandiko wangu: Thambalngoubi,
miaka thelathini na tisa, hana virusi.
Mimi ndiye jiwe la mizani
katika maabara hii ya ghorofa ya tatu, mjini Imphal,
ambapo lifti ilikufa mwaka wa mafuriko
na hakuna aliyeizika.

Leo: mia sita na kumi.
Jumatatu iliyopita: mia tisa na arobaini.
Hapo katikati sikuugua, sikufiwa,
sikubadilisha hata majani ya chai.
Ila siku ile umeme ulikatika,
nikajitoa damu saa mbili usiku,
na leo ni saa mbili asubuhi.
Kumbe seli nazo zina zamu.
Asubuhi hujichimbia kwenye tezi na uboho,
usiku zikamwagika mishipani,
kinyume cha akina mama wa soko la Ima
wanaopanga samaki wakavu kungali giza
na kufunga vikapu jua likizama.

Mweleze hayo Ibohal ukiweza.
Anapanda ngazi mbio, vidato viwili viwili,
kwa sababu kasikia mwenye kukimbia huongezeka.
Ni kweli. Kwa dakika chache,
kisha mwili unadai chake.
Kasikia pia kwamba sigara inazipandisha.
Hiyo nayo ni kweli, na ndiyo kweli niichukiayo:
nambari inanenepa, mapafu yanaungua.
“Dada, chukua sasa hivi, zingali moto!”
Namwambia keti. Robo saa. Pumua
kama mtu asiyedaiwa.

Kitabu kinasema mzima huanzia mia tano.
Mzima yupi? Kalala usingizi au kakesha na mgonjwa?
Ana mafua? Anameza vidonge vya pumu?
Mwanamke au mwanamume,
maana sisi huwa nazo zaidi kidogo,
wala hatukuomba.

Ibeton, mimba ya miezi saba,
aliona mia mbili na tisini akashika ukuta.
Dawa hakuacha hata siku moja, aliapa kwa mama yake.
Nikamchorea ndoo nyuma ya fomu:
maji yameongezwa, samaki ni wale wale.
Nikamwonyesha asilimia, haijatikisika.
Akaitazama ndoo muda mrefu.
“Na huyu,” akagusa tumbo, “ni maji au ni samaki?”
Fomu yetu haina safu ya swali hilo.

Kaka yangu Lokendro walimhesabu mara moja tu,
mwaka tisini na nane, kabla dawa hazijatufikia,
sindano ya kijiweni ikiwa imeshafanya kazi yake.
Karatasi niliisoma mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili,
kwa kuwa nyumbani hakuna aliyetaka kuishika.
Kumi na nne.
Nilidhani ni miaka iliyobaki.
Nikakimbia hadi jikoni kuwapa habari njema.

Wiki hii nimeamka na homa, macho kama pilipili,
na kwa ukaidi nikajichoma.
Mia tatu na themanini.
Ibohal alikuwa dirishani akichungulia
(kukatazwa hajui),
na karatasi yake imelala kando ya yangu:
mia tano na kumi na mbili.
Alisoma. Akasoma tena.
Hakucheka, nami nilikuwa nimejiandaa achekwe mtu.
Alishuka ngazi polepole, kwa mara ya kwanza,
akarudi na machungwa manne ndani ya gazeti.
“Dada,” akasema, “usiache dawa zako.”

Nilitaka kumweleza.
Nikamenya moja.