Mmweko wa Kwanza Huuliza

Majengo, saa mbili usiku, umeme umekata,
jenereta inakohoa kwenye ua wa ukumbi.
Ukuta ni wa mawe ya volkano, meusi kama masizi ya sufuria,
na mbele yake umepangwa ukoo mzima wa Nzigire:
yeye ndani ya gauni jeupe la kukodi,
Habamungu ndani ya suti isiyoonyesha mikunjo hata mchana.

Mimi nina betri nne na kamera ya mkono wa pili.

Niseme jambo ambalo wateja hawalijui.
Kamera haijui harusi. Inajua kijivu.
Lolote utakaloielekezea, inataka kulirudisha kijivu,
si jeupe si jeusi,
kama barabara ya Sake wakati wa kiangazi.

Nikaiachia fremu nzima ipime.
Ikaona mawe, suti, usiku, mawe tena.
Ikaingiwa na huruma, ikamwaga mwanga wote iliokuwa nao:
gauni likaungua,
likawa tundu jeupe lenye kichwa cha bibi harusi.

Nikaibana. Pima nukta moja tu, hapo kifuani, kwenye lesi.
Ikaona weupe, ikashtuka, ikaibania flashi,
na lesi ikatoka kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba
siku mlima ulipotema majivu.
Nzigire akachungulia kioo cha kamera, hakusema kitu.
Afadhali angesema.

Balume aliyenifundisha kazi, kabla hajahamia Kampala,
alikuwa akinyoosha kiganja mbele ya lenzi.
"Pima hiki. Kiganja hakina ushabiki. Kisha ongeza kidogo."
Nikanyoosha changu, kikiwa na mafuta ya sambusa.
Gauni likarudi na nyuzi zake.

Likabaki suala la Bibi M'Cirhuza,
aliyeletwa kutoka Ndosho pamoja na kiti chake, kiti kikiwa juu ya chukudu.
Picha kumi na moja.
Amefumba macho kumi na moja.
Wajukuu wakacheka, uzee huo, anasinzia.

Hasinzii.
Flashi huwaka mara mbili. Ya kwanza ni ndogo, inatumwa kuuliza:
mko wapi, mko mbali kiasi gani, mmevaa nini?
Inarudi na habari, ndipo ya pili inakuja na nguvu zake.
Kati yao hapaingii hata pumzi, na wengi wetu tunaona moja.
Yeye anaiona ile ya kwanza.
"Mwanangu," akaniambia, "nuru ya kwanza haina neno.
Ni hii inayoifuata."
Sikumwuliza alijifunzia wapi.
Katika mji huu kuna maswali tunayoyapita kwa mbali, kama shimo barabarani.

Kuna kitufe kando ya lenzi, nilikuwa sijakigusa tangu niinunue.
Nikakibonyeza. Mmweko mdogo ukaenda, ukarudi,
kipimo kikafungwa ndani.
Bibi akafumba.
Tukangoja sote, na jenereta yake kikohozi.
Akafumbua jicho moja, halafu la pili,
kama mtu anayechungulia kama wageni wameshaondoka.

Flashi haifiki mlimani. Ipe betri zote nne,
itaishia hapo kwenye jiwe, hatua sita.
Mlima una mwanga wake, nao haupimwi kwa nguvu, unapimwa kwa subira.
Nikaegemeza viwiko kwenye pipa la mafuta,
nikaacha kilango wazi nusu sekunde nzima,
nikamwombea kila mtu awe jiwe.

Habamungu alitaka nimfanye mweupe zaidi.
Nikamwambia betri zimekwisha.

Kwenye kioo: nyuzi za lesi, mikunjo ya suti,
juu ya ukuta doa jekundu limelalia mawingu,
na Bibi M'Cirhuza, macho yote mawili.

"Imekwisha?"
Imekwisha, Bibi.
Akaendelea kuitazama kamera,
hakupepesa.