Njia Ikapinda

Mimi ni katibu wa mtaa. Kazi yangu kuandika yaliyosemwa,
si yaliyonyamaziwa.

Waliohudhuria: arobaini na mmoja,
ukiacha mbuzi wa Hatibu aliyeingia kwa mlango wa nyuma
akala ukurasa wa kwanza wa ajenda.

Mhina wa Halmashauri alitandaza ramani
juu ya madawati mawili ya darasa la tatu,
akaibana pembe nne kwa chupa za maji.
Tukauona msitu wetu wa Sahare
kama auonavyo kipanga:
kipande cha kijani kisichojaza kiganja,
nyumba zimekizingira kama siafu na panzi.

"Kitahifadhiwa," alisema, "na kitakuwa na njia.
Moja tu, mita mbili upana, ya changarawe,
inyooke kutoka barabarani hadi mikokoni.
Semeni."

Wakasema.

Twalibu, darasa la sita, akauliza mbona ramani
haina njia anayopita yeye kila asubuhi,
ile ya kukwepa mbwa wa geti jekundu.
Mhina akampa penseli.
Mtoto akachora, ulimi nje,
mstari uliokwenda upogo upogo kama mkojo wa ng'ombe.
Watu wakacheka. Kisha kila mmoja akaitaka penseli.

Chausiku akaonyesha anakookota kuni,
"zilizojifia, sikati mimi, andika hivyo, sikati,"
nikaandika: hakati.
Wachimba kokoto hawakuja, ila shimo lao lilichorwa.
Mmoja akasema kwenye mkwaju ule hulala komba,
taa za njiani zitamhamisha.
Mwingine akajibu: na bila taa, binti yangu apiteje?
Hapo tukabishana hadi adhana ya adhuhuri.
Neno hilo niliacha nafasi yake wazi. Bado liko wazi.

Ramani ikajaa. Mstari wa Mhina, ulionyooka, wa wino,
ukapotea chini ya penseli zetu
kama mwiba wa samaki ndani ya mchuzi.

Ndipo akainuka Bi Mwanshehe,
ambaye vikao vyote husinzia karibu na dirisha.
Hakutaka penseli.
Aliweka kidole pale kijito kinapokata kona,
akakiacha.
"Hapa pasipite."
Mhina akauliza kuna nini.
"Hapa pasipite."
Akauliza tena, kwa upole,
maana fomu yake ina sehemu ya sababu.

Kina mama wa rika lake wakatazama sakafu.
Mmoja akauma ncha ya kanga.
Nami nikakumbuka maneno niliyoyadokoa utotoni, mlangoni,
kabla sijafukuzwa nikacheze:
waliozaliwa kimya,
waliopelekwa alfajiri ndani ya vipande vya shuka
chini ya mikungu,
bila jiwe, bila jina la kuitia.

Kidole hakikuondoka.
Kilikuwa na pete ya fedha, na nyufa za sabuni ya magadi.
Kikaja kingine kando yake.
Kikaja cha Chausiku, ambaye sikujua.
Nilihesabu tisa, kisha nikaona haya kuhesabu.

Mhina alichukua kifutio, akakumbuka kuwa wino haufutiki,
akaazima penseli ya Twalibu:
njia itoke barabarani, ifuate ya mtoto,
ikikaribia mikungu ipunguze mwendo,
ipinde kama apindavyo mtu
asiyetaka kupita mbele ya mwenye kusali,
ndipo ishuke mikokoni.

Penye sababu aliandika: mizizi.
Nilimwona. Sikusema kitu.

Mita thelathini na nne zimeongezeka;
mhasibu ameshaguna.
Kikao kilifungwa kwa dua, mbuzi akatolewa nje.

Bi Mwanshehe alibaki kunisaidia kukunja ramani.
Aliikunja kama zikunjwavyo nguo za mtoto mchanga,
mikono kwanza, ndani,
kisha akaipapasa, mara moja, ilale.