Moto wa Nchi Kavu

Nabintu amelala kifudifudi tumboni mwa mashua,
tochi katikati ya meno,
jasho analifuta kwa bega lisifike kwenye betri.
Waya wa kahawia hapa. Wa buluu pale.
Ule wa ardhi anaukaza mara mbili,
anatoa tochi aseme:
"Huu ndio utakaokuokoa, Murhula. Si mimi."

Kebo inapanda gatini hadi nguzo ya SNEL,
nene kama mkia wa ng'ombe.
Anawasha. Betri zinakunywa polepole.

Saa moja na robo, Muhumba yote giza.
Ndani ya kisanduku: ta!
Balbu haikupepesa jicho.

Murhula bado anacheka
tunaposikia viatu juu ya mbao.
Ni mlinzi wa bandari, simu mbili mkononi:
"Dada, nchi kavu inaomba moto."