Kizingiti

Hili ni Pijo mia nne na nne, la mwaka sitini na tisa.
Nililinunua Barka kwa riali mia na ishirini
likiwa limelalia matofali, halina vioo, halina viti,
paka amezaa ndani ya buti.
Muuzaji aliniuliza mara mbili kama niko timamu,
kisha akazihesabu pesa haraka haraka.

Huu ni mwaka wa tisa.

Zuwena huuita ua wetu "wodi".
Dada zake wakipiga simu kutoka Dubai
huwaambia: yuko na mgonjwa wake.
Swali la lini litakwisha lilikufa mwaka wa tatu,
pamoja na kopo la kwanza la praima.

Watu hudhani nakarabati kumbukumbu.
Hapana. Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kuwa na gari.
Kule Tabora alikuwa na baiskeli ya Rali, kengele mbovu,
akiwapigia watu mluzi wampishe.
Mimi napenda bati, basi.
Napenda vile linavyokumbuka umbo lake
ukilibembeleza kwa ndani, nyundo ndogo,
bila hasira,
kiganja cha kushoto kikipapasa nyuma ya kila pigo,
maana jicho huhongwa na mwanga
na kiganja hakihongeki.

Kuanzia Mei haliguswi.
Boneti hukaanga yai; nimejaribu.
Agosti unyevu wa bahari hupanda mpaka huku Mabela,
na bati nililoliacha uchi jioni
asubuhi limeshajipaka kutu, laini kama hina mbichi.
Kwa hiyo kazi ni ya Ijumaa za kipupwe,
tangu alfajiri hadi adhana ya adhuhuri:
msasa wa themanini, wa mia mbili na arubaini,
kisha mia nane na maji.

Chini ya nyeupe kulikuwa na rangi ya chungwa. Kumbe liliwahi kuwa teksi.
Chini ya chungwa, kijani cha mtu asiye na haya.
Chini ya kijani, samawati ya kiwandani,
doa dogo kama baisa tano,
nikasimama nikiliangalia
kama mtu aliyesikia Kiswahili kwenye foleni ya benki.

Januari hii nikafika kwenye kizingiti, chini ya mlango wa dereva.
Shafikul wa Chitagongi, anayenisaidia kuchomelea
kwa riali tano na sahani ya biriani,
aligonga kwa kifundo cha kidole.
Akagonga tena.
"Baba," akasema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "humu hamna chuma."

Tukachimba. Pati, unene wa vidole viwili.
Ndani ya pati, waya wa banda la kuku.
Nyuma ya waya, gunia la mchele na magazeti yaliyoganda.
Shafikul akacheka mpaka akakaa chini,
akamtukana fundi asiyemjua, na ukoo wake.

Mimi sikucheka.

Mwaka themanini na nane nilikuwa na Datsun.
Zuwena ana mimba ya Raiya, kodi ya miezi miwili nadaiwa.
Vizingiti vyote viwili nilivishindilia gunia na pati,
nikapaka rangi usiku, asubuhi nikaiosha,
nikamuuzia mwalimu wa Bahla, Muhanna jina lake,
mtu mrefu. Hakuinama.
Alinipa mkono, akanipa na kifuko cha tende.
Sijui alifika nayo wapi.

Shafikul sikumwambia.

Nilikata chote. Nikakunja bati jipya, nikaliharibu,
nikakunja jingine. Wiki sita.
Kazi ya kufunikwa: juu litakaa zulia, mlango utafungwa,
na hakuna atakayepiga magoti kutazama.

Ijumaa iliyopita, weldi ilipopoa,
nilipiga magoti mimi. Nikagonga kama mgeni.
Hodi.
Chuma kikaitika.

Kizingiti cha upande wa pili bado sijakigonga.