Alama za Vidole

Somo la kwanza halikuwa bahari.
Lilikuwa alama za vidole.
Ineta, mkuu wa wahudumu, alinikabidhi pakiti ya pamba za masikio
akasema: pembe za madirisha, matundu ya spika,
shingo za mabomba, kote.
Mgeni asihisi kuwa kuna mtu aliyemtangulia duniani.

Nikajifunza.
Glasi hushikwa shina. Mlango haulii.
Shuka hupigwa pasi kitandani, mtu akiwa magoti,
hadi kitanda kifanane na karatasi ambayo haijaandikwa.
Ukikutana nao ushorobani, geuka uwe ukuta.
Mgeni njoo, mwenyeji ajifiche.

Mwenye yoti huja siku kumi na moja kwa mwaka.
Siku zilizobaki, pale Antibes, tunang'arisha kutokuwepo kwake.
Ruaridh anasugua mbao za msaji, taratibu, kufuata nyuzi zake,
akifika tezi omo imeshaingia vumbi,
anarudi tena alikotoka, anapiga mluzi.
Mimi na Noelia tunalala chini ya mstari wa maji,
kitanda juu ya kitanda kama sahani kabatini.
Zamu zetu hazikutani.
Namjua kwa harufu ya shampuu
na kwa joto analoniachia godoroni siku ninapokosea kitanda.
Nyuma ya ukuta, unene wa kidole,
maji hujikuna usiku kucha.

Tusidanganyane: pesa ni nzuri.
Bakshishi ya misimu miwili imeezeka nyumba ya mama,
vigae elfu mbili mia nne, vyekundu,
na fundi aliyekunywa divai yetu yote.

Kisha Agosti hii, kati ya kisiwa na kisiwa,
mke wa mwenye yoti akaweka ukucha juu ya ramani:
hapa, pazuri, tutie nanga.
Lastovo. Ghuba ya Zaklopatica.
Niliogelea hapo kabla sijajua kusoma.

Nilimwomba Kapteni Thibault saa moja tu.
Akasema, labda baada ya chakula cha usiku.
Baada ya chakula cha usiku walitaka chakula kingine.

Ila kabla ya hapo, alasiri, wakiwa kwenye viti vya kitambaa cheupe,
mmoja wao aliinua darubini.
"Tazameni lile paa jekundu!
Mtu angeweza kuishi pale bila kuhitaji chochote."
Nikammiminia. Nilijua bei ya kila kigae.
"Kuna bibi anaanika shuka. Zimepinda zote, masikini."
Zimepinda kweli. Mama hajawahi kunyoosha kitu
ambacho upepo utakipinda tena.
"Anatupungia!"
Wakasimama, watoto kwa wakubwa, wakampungia,
kwa furaha, kama watu wanaopungia treni.
Mimi nilikuwa na sinia.
Mikono yote miwili.

Saa nane usiku, zamu yangu ya mwisho,
sebule imenyamaza, barafu imekuwa maji kwenye ndoo.
Ng'ambo taa moja ilikuwa haijazimwa, ya jikoni.
Nikaweka kiganja kwenye kioo kikubwa cha upande ule,
kiganja kizima, na vidole vyake vyote vitano,
nikabonyeza.
Nikaenda kulala.

Asubuhi, nanga ikipanda na mnyororo ukilalamika,
Ineta alikagua kama kawaida, dirisha kwa dirisha.
Akafika pale. Akasimama.
Jua lilikuwa limepita katikati ya mkono wangu, kila mstari.
Pamba zilikuwa mfukoni mwake, naziona.
Akasema, "Leo tuanzie vyumba vya chini,"
akateremka ngazi bila kunitazama.

Nje ya Dubrovnik niliufuta mwenyewe.
Ilinichukua pumzi moja na kitambaa kikavu.